Kwa Nini Mshale Huenda Pogo

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapata ukali, katika kambi za Wahadzabe zilizo kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, si ajabu kumwona mtu mzima ameketi karibu na moto akiuma fimbo. Mgeni asiyejua huenda akadhani kwamba anatafuna mti kwa dawa au kwa kusafisha meno, kumbe lile alishikalo ni wano la mshale, yaani uti wake, ambalo amelipasha moto mpaka nyuzi za mti zikalainika, na sasa analibana kwa magego pale penye kombo, akilinyoosha kidogo kidogo kwa mikono miwili. Kisha hufumba jicho moja, akaliangalia kwa urefu wake kama seremala aangaliavyo ubao, na akiona bado lina kasoro hulirudisha motoni. Kazi hiyo yaweza kumchukua nusu ya asubuhi, ilhali kulenga na kufyatua, mnyama atakapotokea, hakuzidi kufumba na kufumbua.

Nimeanza na meno hayo kwa sababu sisi tuliozoea kusikia sifa za wapiga mishale mabingwa husifu jicho na mkono tu, tukadhani kwamba shabaha ni kipaji ambacho Mwenyezi Mungu humjalia huyu na kumnyima yule. Mimi nami nilikuwa katika dhana hiyo kwa miaka mingi. Utotoni tulikuwa tukichonga pinde za mkole na kupiga mishale ya matete kwenye vifuu vya nazi tulivyovipanga juu ya ukuta wa mawe, na mshale wangu, nilenge kwa makini nisilenge, ulikuwa ukienda pogo upande wa kushoto, hata wenzangu wakaniita Chongo, nami nikaliitikia jina hilo, nikauacha mchezo ule nikiamini kwamba kosa ni la jicho langu. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba jicho halikuwa na kosa lolote. Upinde ulikuwa haujapatana na mshale, basi. Na mapatano hayo, ambayo hufanywa kambini wala si mwituni, ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Wahadzabe ni watu wachache mno, yapata 1,000 na mia kadhaa kwa jumla, na lugha yao, yenye sauti za kugongesha ulimi, haina ndugu anayejulikana kwa yakini miongoni mwa lugha za majirani. Si wote wanaoishi leo kwa uwindaji, lakini wako ambao bado hula mizizi, asali, ubuyu na nyama ya mwituni, na mwanamume wa namna hiyo haondoki kambini pasipo upinde wake mkononi. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo angali mchanga, akafuma mijusi na ndege, na kila apatapo nguvu hupata na upinde wenye nguvu zaidi, mpaka ule wa utu uzima ambao aghalabu hukaribia kimo cha mwenyewe na huhitaji nguvu ya kiasi cha kilo 30, pengine na zaidi, kuuvuta hadi mwisho. Msomaji atakayetaka kuijua nguvu hiyo ajaribu kuinua zaidi kidogo ya nusu ya gunia la saruji kwa vidole vitatu.

Upinde huo ni mti mmoja tu, haukuunganishwa kwa gundi wala kutiwa pembe. Kuuchonga si kazi kubwa. Kazi ni kuusawazisha. Fundi huparua mti upande wa juu na upande wa chini, akauvuta polepole, akautazama unavyopinda, akauparua tena palipokaidi, na asiondoe hata unyuzi mmoja palipolegea, kwa maana mti ulioparuliwa kupita kiasi haurudishiki. Upande mmoja ukiwa mgumu kuliko wa pili, upote, yaani kamba ya upinde, hauendi mbele kwa unyofu, bali huvutwa juu au chini wakati wa kufyatuka, na mshale huondoka ukiinua na kuinamisha kichwa kama ngalawa iliyoshikwa na mawimbi ya mbele. Tena si kwamba pande mbili ziwe sawa kabisa, kwa kuwa mkono hushika katikati na mshale hupita juu ya mkono; kwa hiyo mafundi wengi wa pinde za mti huacha upande wa chini uwe mgumu kidogo kuliko wa juu, ili zote mbili zirudi kwa wakati mmoja.

Upote wenyewe Wahadzabe huufanya kwa kano za wanyama wakubwa zilizokaushwa na kusokotwa. Nafasi iliyopo baina ya upote na mahali pa mshiko, upinde ukiwa umekwisha kutiwa upote lakini haujavutwa, ni jambo ambalo wapenzi wa upinde duniani kote hulishughulikia kwa hadhari, nalo hurekebishwa kwa kuusokota upote zaidi ili ufupike au kuusokotoa ili urefuke. Nafasi ikiwa ndogo, upote humchapa mpigaji kwenye kifundo cha mkono na kuutikisa mshale kabla haujaachana na upinde. Ikiwa kubwa mno, upote husafiri masafa mafupi na mshale hupungukiwa na kasi. Kila upinde una mahali pake panapoupendeza, na mahali hapo hapajulikani kwa kipimo cha mtu mwingine, bali kwa kusokota, kupiga na kusikiliza, maana upinde uliokaa sawa hutoa mlio mfupi wa chini, na ule uliokosea hulia kwa kelele na kumtikisa mshikaji mpaka begani. Na kwa msasi mlio si jambo dogo: swala aliyesikia kelele huruka kabla mshale haujafika. Ukano nao una tabia yake, kwa kuwa ukilowa hulegea na kurefuka, hata upinde uliokuwa sawa jana, leo baada ya mvua ukawa si ule tena.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishangaza kuliko yote. Mshale haupiti katikati ya upinde, bali hulala ubavuni mwake, na upote unapofyatuka hukimbilia katikati. Maana yake ni kwamba mkia wa mshale husukumwa kuelekea kwenye mti wa upinde huku kichwa kikielekea pembeni, na kwa hesabu ya kawaida mshale ungepasa kwenda upande. Walakini mshale mzuri huenda pale ulipolengwa. Wazungu wa karne iliyopita waliliita jambo hili kitendawili cha mpiga mshale, na jawabu lake lilionekana kwa macho katika miaka ya 1930, pale mhandisi wa Marekani, Clarence Hickman, alipopiga picha za kasi sana zilizoonyesha kwamba mshale unapoachiwa hujipinda, ukauzunguka mti wa upinde kama mkunga anavyopita baina ya mawe, kisha ukajipinda upande wa pili, na tena, hata mtikisiko ule ukafa njiani na manyoya yakaushika mwendo. Jicho la mwanadamu haliwezi kuyaona hayo. Yule aliye kando ya moto hakungoja picha. Vidole vyake vinajua kwamba wano likiwa kakamavu kuliko upinde halijipindi vya kutosha, nalo kwa mtu atumiaye mkono wa kulia huchepuka kushoto. Na likiwa laini mno hujipinda kupita haja likaenda kulia. Matete yangu yalikuwa makavu, mafupi na magumu, na upinde wangu ulikuwa dhaifu. Mshale ule ulikuwa na haki ya kwenda kushoto.

Kwa hiyo mshale hauwezi kuitwa mzuri au mbaya peke yake. Ni mzuri kwa upinde fulani, na huenda ukawa mbaya kabisa kwa upinde wa jirani. Hapa ndipo kigumba, yaani kichwa cha mshale, kinapoingia, nacho watu hukidhania kuwa ni suala la makali tu, kumbe ni suala la uzito kabla ya kuwa la makali. Upote unapousukuma mshale kutoka nyuma, uzito ulio mbele hukawia kuondoka, na wano lililobanwa baina ya msukumo na uzito hujipinda. Basi kigumba kikiwa kizito wano lile lile hujipinda zaidi, likafanya kama kwamba ni laini, na kikiwa chepesi hufanya kama kwamba ni kakamavu. Anayebadilisha kigumba bila ya kugusa kitu kingine amebadilisha wano pasipo kujua, kisha atashangaa shabaha yake imekimbilia wapi. Dawa yake ni kulifupisha wano au kuchukua lililo nene zaidi kwa ajili ya kigumba kizito, na lililo jembamba zaidi au refu zaidi kwa kigumba chepesi. Uzito wa mbele una fadhila yake pia: mshale ukiulaza juu ya kidole kimoja mpaka ukakaa kama mizani, mahali pa kusimama panapasa pawe mbele ya katikati, na wapigaji wa siku hizi hupenda pasogee kiasi cha sehemu moja ya kumi ya urefu wa mshale, au zaidi kidogo, kwa sababu mshale ulioelemewa kichwani hufuata njia yake, na ulioelemewa mkiani hutaka kugeuka.

Wahadzabe wana mishale ya namna mbalimbali, na hutembea nayo pamoja, kila mmoja kwa kazi yake. Ule wa ndege na wanyama wadogo kama pimbi hauna kigumba cha chuma kabisa, ni wano lililochongwa ncha; ni mwepesi, hupigwa karibu, na ukipotea majanini hakuna hasara kubwa. Mingine ina kigumba cha chuma kilichofuliwa mfano wa jani, chenye makali pande zote mbili, bila ya sumu. Na iko ile ya wanyama wakubwa, ambayo kigumba chake kina miiba iliyorudi nyuma, na nyuma ya miiba hiyo, kwenye shina lake, hupakwa sumu. Chuma chenyewe hawakiyeyushi. Hukipata kwa majirani, zamani kwa mabadilishano na Wadatoga, na siku hizi aghalabu ni msumari mkubwa, ambao mtu huuweka juu ya jiwe na kuugonga mpaka ukawa jani. Nimependa sana jambo hili, kwamba msumari uliokusudiwa kushikilia paa la nyumba hugeuzwa kwa mkono ukawa kitu chenye uwiano mwembamba namna ile, maana kigumba kilichokaa upande, hata kwa unene wa kucha, hufanya mshale utikisike njia nzima. Mtu huuzungusha mshale baina ya viganja, au huusimamisha kwa ncha yake juu ya kitu kigumu na kuuzungusha kama pia. Ukitetemeka, kigumba hakikukaa katika mstari wa wano.

Kila kigumba huleta maana yake ya shabaha, na hili sikuliona likielezwa vya kutosha mahali pengi. Kile cha mfano wa jani kinaua kwa kukata, kwa hiyo lazima kifike moyoni au mapafuni, na upana wake unaokisaidia kukata ndio unaokidhuru angani, kwa kuwa bapa lile hushika upepo kama tanga dogo lililotiwa mbele ya chombo, likataka kuuongoza mshale kutoka kichwani ilhali uongozi unapasa utoke mkiani. Ndiyo sababu bapa likizidi, manyoya nayo hayana budi kuzidi. Wahadzabe hutumia manyoya ya kanga na ya tumbusi. Na kwa mafundi wa mishale wa kila taifa ni kanuni kwamba manyoya ya mshale mmoja yatoke katika bawa la upande mmoja, yote ya kulia au yote ya kushoto, kwa kuwa mkunjo wake wa asili huuzungusha mshale, na yakichanganywa hugombana. Kigumba cha sumu hakina dhiki hiyo. Hakihitaji upana, chahitaji kupenya na kubaki ndani. Popote penye nyama na damu panatosha, na miiba huzuia kisitoke mnyama anapokimbia vichakani. Anayetumia kigumba cha jani hutafuta mahali padogo kama sahani. Anayetumia cha sumu hutafuta mnyama, kisha husubiri, akafuata nyayo.

Sumu zenyewe kwa Wahadzabe ni mbili zinazojulikana sana: moja hutoka katika kile kimti kinene cha maua mekundu kiitwacho na wataalamu Adenium, na nyingine katika mbegu za Strophanthus eminii, jina lililotolewa kwa heshima ya Emin Pasha. Zote hushambulia moyo. Nyama iliyozunguka jeraha hukatwa na kutupwa, na iliyobaki huliwa bila ya madhara. Iko hadithi ya kweli inayoihusu pwani yetu: John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja kwa miaka mingi, alipokuwa katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi, alitia mswaki wake katika mfuko mmoja na sumu ya mishale ya jamii hiyo ya Strophanthus, na alipopiga mswaki akahisi uchungu mdomoni na mapigo ya moyo wake yakapungua. Kutokana na uangalifu wake, na uchunguzi wa Thomas Fraser wa Edinburgh, sumu ya wasasi wa Afrika ikawa dawa ya moyo katika hospitali za Ulaya.

Huku nyuma ya Mombasa na Malindi walikuwapo Waata, ambao Waswahili huwaita Walangulo, waliotumia sumu ya msunguti, na waliokuwa wakimwinda ndovu, mnyama ambaye Wahadzabe hawana desturi ya kumfuma. Kwa ndovu ilihitajika ngozi nene itobolewe, wala haikutosha sumu kali kama mshale haukuifikisha ndani. Kwa hiyo pinde zao zilikuwa na nguvu ya kupita ratili 100, sawa na pinde za askari wa Kiingereza zilizopatikana katika jahazi ya vita ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982. Pamoja na nguvu zote hizo kigumba cha Walangulo kilikuwa kidogo. Sumu iliyopakwa nyuma yake ilifungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi, isikauke wala isimkwaruze mwenyewe, na ukanda huo uliondolewa wakati wa kufuma. Upinde wenye nguvu hudai wano kakamavu, na wano kakamavu huchukua shina refu la kigumba. Kila kimoja kilimwita mwenzake, na aliyetengeneza kimoja bila ya kukijali cha pili alirudi nyumbani mikono mitupu.

Tukirudi kwa Wahadzabe, wana mchezo wao wa kamari uitwao lukuchuko, ambao huchezwa kwa kutupa vipande vya gome kwenye shina la mti, na aliyekaa nao na kuuandika, James Woodburn, ameeleza kwamba wanaume huweka dau mishale ya vigumba vya chuma, ikahama kutoka mkono hadi mkono na kambi hadi kambi. Lakini upinde wa mtu, mishale yake ya ndege na mfuko wake wa ngozi haviwekwi dau kamwe. Mtu hawezi kufanywa fukara asiyeweza kujitafutia riziki. Nadhani ndani yake mna na hekima ya fundi: kigumba cha chuma chaweza kutolewa na kutiwa katika wano jingine, bali upinde uliokwisha kumzoea mwenyewe, kwa urefu wa mkono wake na nguvu ya bega lake, haumfai mwingine sana.

Huko Marekani, tangu Holless Allen alipobuni ule upinde wa magurudumu na kupata hataza yake mwaka 1969, uwindaji wa mshale umekuwa na vyombo vya kila namna, na vigumba huuzwa kwa uzito uliopimwa, aghalabu greni 100 au 125, yaani gramu sita na nusu au nane. Lakini maswali hayakubadilika. Mpigaji hutanda karatasi katika fremu, akasimama hatua chache na kupiga mshale upite, kisha akausoma mpasuko: tundu la ncha likiwa mahali pamoja na michano ya manyoya, mshale ulipita mnyofu; michano ikiwa juu, pale mshale unaposhika upote pako juu mno; ikiwa pembeni, wano na upinde havijapatana. Wengine hung'oa manyoya ya mshale mmoja, wakaupiga pamoja na yenye manyoya, kwani usio na manyoya hauna wa kuuficha aibu, na kwa mtu wa mkono wa kulia ukiangukia kushoto ya wenzake ni kakamavu, ukiangukia kulia ni laini. Mtu yeyote mwenye upinde wa mti na fungu la majani makavu la kupigia aweza kufanya hivyo mchana mmoja, akajua zaidi ya alivyojua kwa mwaka mzima. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na vigumba vyake vyote viwe na uzito sawa.

Haya siyaandiki ili msomaji achukue upinde aingie mwituni. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Tanzania hauruhusiwi pasipo kibali. Wahadzabe wenyewe huwinda kwa ruhusa ya pekee, katika nchi inayozidi kupunguka kwa mashamba na mifugo ya watu wengine. Mwaka 2011 baadhi yao katika Bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao, na hilo ni jambo la kushukuru, ingawa wanyama hawasomi hati. Ninayaandika kwa ajili ya maarifa. Maneno kama wano, upote, kigumba na podo, yaani mfuko wa mishale, yangali katika kamusi zetu, na wengi wetu huyapita bila ya kujua yanashika nini. Na wazee wanaojua yanashika nini, miongoni mwa Wahadzabe, Waata, Wagiriama na Wakamba, hawaongezeki.

Msomaji uliye na babu, mjomba au jirani ajuaye kuchonga upinde, mwendee angali na nguvu ya taya. Mpelekee wano lililopinda, umwombe alinyooshe mbele yako, na uandike kila jina atakalolitaja.